Nyambizi Juu ya Meza Yangu

Meza yetu ya kulia ni ya mbao ya libuyu, nzito, inawatosha watoto wote na wageni wao. Marehemu mama yangu alinipa nilipoolewa. Lakini Jumamosi meza hiyo si yangu. Jumamosi ni ya jeshi la maji, na mimi Georgette, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ninakula sahani ikiwa juu ya magoti kama mtu aliyechelewa matangani.

Mume wangu anaitwa Télesphore. Alikuwa fundi wa moteri katika jeshi la maji wakati nchi ingali inaitwa Zaire. Rafiki yake Bulonza alikuwa mshika usukani. Walifanya kazi pamoja kwenye vedette moja, boti ya doria, hapa hapa ziwani Kivu. Leo ni wazee wenye mvi, miwani na dawa za tansio, presha ya damu, na kila Jumamosi baada ya misa ya asubuhi Bulonza anapanda mlima mpaka kwetu Nyalukemba, anavua koti, na wote wawili wanakaa mezani kwangu kupaka rangi nyambizi ndogo za plastiki.

Kwa nini nyambizi, ndilo swali ambalo kila mgeni ananiuliza, na kila mara linanichosha. Mpwa wetu Ulrich, anayeishi Liège, alitaka kumfurahisha tonton wake. Aliona dukani sanduku lenye picha ya chombo cha kijeshi, akalinunua bila kulisoma, akalituma kwa mkono wa padri aliyekuwa anarudi nyumbani. Ndani mlikuwa na nyambizi, vipande vipande, ya kuunganisha kwa gundi. Télesphore aliitazama kwa muda mrefu. Yeye maisha yake yote ya kazi alikuwa akihangaika ili boti isiende chini ya maji. Lakini alimpigia Ulrich simu, akamwambia asante sana mutoto yangu, ni nzuri ajabu. Basi Ulrich akaelewa kwamba tonton anapenda nyambizi. Tangu siku hiyo, kila msafiri anayetoka kule anatuletea nyambizi.

"Papa Joviale," nilimwambia, kwa jina la binti yetu wa kwanza, "umwambie Ulrich atume boti ya kawaida. Ama hata ndege."

"Itamuumiza roho," akanijibu.

Roho ya Ulrich iko Liège, ina afya njema. Meza yangu iko hapa. Rangi zinazotajwa kwenye masanduku hazipatikani Bukavu, kwa hiyo wanatumia rangi ya mafuta ya kupakia mageti, wanaizimua kwa diluant, na harufu inaingia mpaka kwenye mkate. Tumbo la nyambizi ya kwanza lilitakiwa kuwa jekundu; niligundua baadaye kwamba limepakwa vernis yangu ya kucha, ile niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya arusi. Siku moja nilikuwa natafuna maharage, nikauma kitu kigumu. Nikatema kwenye kiganja. Ilikuwa propela. Télesphore aliinuka kwa furaha.

"Kumbe iko hapa! Tunaitafuta tangu asubuhi!"

Jino langu hakuliuliza.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni mwamba.

Mwamba wenyewe uko ziwani, upande wa Katana. Asubuhi moja yenye ukungu, vedette yao ilikuwa inaelekea Kalehe, na Bulonza alikuwa juu kwenye usukani. Télesphore alikuwa chini kwenye moteri. Kengele ya kuita chumba cha moteri ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo amri zilipita kwa mdomo, avant kwa mbele, arrière kwa nyuma: mshika usukani anapiga kelele, ofisa anayesimama mlangoni mwa ngazi analipokea neno na kulitupa chini kwa fundi. Ofisa huyo alikuwa komanda wao, Jacques, kijana wa wakati huo, mtanashati, aliyesoma ng'ambo. Boti iligonga mwamba ikapasuka tumbo. Hakuna aliyekufa, walobaji wa sambaza, wavuvi wa dagaa wa hapa kwetu, waliwaokota wote. Lakini boti ilizama, haikupatikana nyingine, na wakubwa walitaka kujua kosa ni la nani. Kwa kuwa haikujulikana, waliadhibiwa wote wawili. Bulonza alipelekwa Kalemie. Télesphore alipewa kazi ya kulinda ghala la mazuti, mafuta ya dizeli, ambalo halikuwa na mazuti. Grade hawakupanda tena mpaka walipostaafu. Komanda Jacques aliitwa Kinshasa kabla hawajapata nafasi ya kumwuliza, wala hakurudi.

Tangu Bulonza arudi kutoka Kalemie, wakati watoto wangu wangali wadogo, mimi nasikiliza wimbo ule ule. Unaanza taratibu, burashi zikiwa mkononi.

"Niliona jiwe sawa nyumba," Bulonza anasema. "Nikapiga kelele: arrière! Arrière! Koo karibu ipasuke."

"Sikusikia kitu," anajibu Télesphore bila kuinua macho.

"Sababu ulikuwa unasinzia!"

"Nilikuwa na mukono kwa levye ya gia. Kama ulipiga kelele, Komanda alikuwa pale kwa mulango, angelinipasia. Hakunipasia kitu. Basi haukupiga kelele. Ulisema mu roho."

"Mu roho! Mutu anaona kifo mbele yake, anasema mu roho? Komanda mwenyewe alinisikia!"

"Siku moja atakuja, tutamuuliza."

"Akuje hata leo!"

Hapo mmoja anasukuma kiti, mwingine anamwaga diluant, mimi nakimbilia kitambaa. Wiki nyingi Bulonza aliondoka bila kuaga. Jumamosi iliyofuata alirudi kana kwamba hakuna kilichotokea, nao wakaanza upya. Nimefundisha watoto wa mwaka wa kwanza karibu maisha yangu yote, na sijaona watoto wagumu kuelewa kama wazee hawa.

Sasa mwaka huu, katika kiangazi, Komanda Jacques alikuja kweli. Mjukuu wake Elodie alikuwa anaolewa hapa Bukavu. Bulonza alimkuta mlangoni mwa kanisa, akamtambua kwa shingo tu, na bila kuniuliza akamwalika kwetu Jumapili mchana. Mimi nilijulishwa Jumamosi jioni.

Nilipika bugali, sambaza, sombe yetu ya majani ya muhogo, na jogoo niliyekuwa namtunzia Krismasi. Komanda alifika na fimbo na suti ya bluu. Alikuwa mzee mrefu mwenye adabu, sauti ya chini, anayesema "maman" kila baada ya neno la pili. Wazee wangu walisimama wima mbele yake, tumbo ndani, kidevu juu. Télesphore hata kwa askofu hasimami vile. Wakamwonyesha nyambizi zote kwenye rafu. Komanda alizishika moja moja kwa ncha za vidole.

"Iko kazi nzuri sana," akasema. "Lakini sisi hatukuwa na nyambizi."

"Hapana, Komanda," akajibu Télesphore.

"Basi ni ju ya nini?"

Mimi nilikohoa. Télesphore akasema ni hadithi ndefu, karibu mezani.

Walimwacha ale kidogo. Kisha Bulonza akafuta midomo, akaweka mikono miwili juu ya meza, na kwa Kifaransa cha jeshi akaomba ruhusa ya kuuliza swali. Akaeleza yote: ukungu, mwamba, kelele, ukimya. Télesphore akaeleza upande wake. Nakiri hata mimi nilisahau kumeza. Nilijisemea, leo yatakwisha. Aliye mwongo atajulikana, na Jumamosi zangu zitapumzika.

Komanda alitafuna mfupa wa shingo kwa uangalifu. Akanywa maji.

"Mwamba gani?" akauliza.

Wazee wangu wakatazamana.

"Ule wa Katana, Komanda. Ule uliua boti."

"Nakumbuka boti. Nakumbuka mupishi alikuwa anaunguza maharage kila siku, mulikuwa munamwita Zima Moto. Nakumbuka ile wimbo mulikuwa munaimba." Akatabasamu. "Lakini mwamba… hapana. Sikumbuki. Ile mambo iko zamani, watoto yangu."

Nilitaka kumnyang'anya kuku. Wanaume wawili wamegombana nusu ya maisha juu ya neno moja, shahidi wao mmoja ameketi mezani kwangu anakula jogoo wa Krismasi, na shahidi anakumbuka mpishi!

Télesphore alikuwa wa kwanza kusema. "Basi kesho tutakupeleka," alisema. "Ukiona fasi, kichwa itafunguka."

"Njo vile," akasema Bulonza. "Kesho."

Kwa mara ya kwanza walikuwa upande mmoja. Komanda alijaribu kutaja uchovu, arusi, magoti yake. Hawakumsikia. Na mimi nikasema nitakwenda nao, kwa sababu wawili wana tansio na mmoja wao haoni vya karibu, wa tatu anatembea na fimbo, na hakuna hata mmoja anayejua dawa ziko mfuko gani.

Asubuhi tulipanda gari la jirani mpaka Katana. Ufukoni alikuwa anatungoja Josué, binamu wa Bulonza, mwanaume wa makamo mwenye boti ya mbao ya kupeleka magunia kisiwani Idjwi, na moteri imefungwa nyuma. Alitugawia jile za kuelea, maboya ya kuvaa kifuani. Bulonza alikataa yake. Alisema mwanamaji havai mto. Nilimvalisha mwenyewe, nikamfunga kamba kama mtoto wa chekechea, naye akanuna mpaka tukafika mbali na ufuko.

Ziwa lilikuwa limetulia. Nitasema ukweli: palikuwa pazuri, na kwa kitambo nilisahau kukasirika. Télesphore alikuwa ameinua uso kwenye upepo. Tangu boti yao izame hakupanda tena chombo cha maji, hata cha kwenda Goma kumwona binti yake. Siku zote alikuwa na sababu. Sasa alikaa karibu na moteri ya Josué, ameinamisha sikio, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Inakohoa," akamwambia Josué.

"Iko vile tu, muzee. Ni tabia yake."

"Hiyo haiko tabia. Hiyo ni ugonjwa."

Tulifika mahali penye miamba. Hapo ndipo nilipotaka kujitupa majini.

"Ni ule," Bulonza akasema, akionyesha jiwe jeusi upande wa kushoto.

"Ule? Ule iko mudogo. Ni ule," Télesphore akasema, akionyesha jingine kulia.

"Télé, miye nilikuwa na macho! Weye ulikuwa chini!"

"Nilitoka nikiogelea, nikaushika kwa mukono! Mwamba ule uko na kichwa mbili!"

"Muna maana," nikawauliza, "kwamba mumegombana miaka yote hii, na hata jiwe lenyewe hamulijui?"

Walimgeukia Komanda, kila mmoja akinyoosha kidole upande wake. Komanda alikuwa ameketi pembeni yangu, kwenye ubao wa katikati, fimbo kati ya magoti. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Mawe inafanana," akasema.

Upepo ulianza wakati huo. Kwenye Kivu hauombi ruhusa. Maji yaliyokuwa kama kioo yakaanza kuruka. Josué alisema tugeuze turudi. Akageuza, na moteri ikakohoa mara ya mwisho, ikanyamaza. Alivuta kamba, akavuta tena, kwa hasira zaidi kila mara. Kamba ikakatika. Josué akaanguka nyuma kwenye ubao wa kukalia, na akapiga ukelele ambao ulinionyesha mara moja kwamba mkono umetoka mahali pake.

Boti ikajipinda ubavu kwenye mawimbi na kuanza kusukumwa kuelekea miamba. Kushoto au kulia, haikuwa na maana tena.

Sikuwahi kumwona mume wangu kazini. Nilimpikia, nilimfulia magwanda, nilimsikiliza akilalamika, lakini kazi yake ilikuwa ziwani na mimi nilikuwa darasani. Sasa nikamwona. Alifungua kifuniko cha moteri, akatoa buji, plagi ya kuwashia, akaitazama, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Nilielewa; nikampa ncha ya kitenge changu. Akaifuta, akairudisha. Akafunga fundo kwenye kamba iliyokatika, akaizungusha kwa mkono juu ya gurudumu, akavuta. Hakuna kitu. Akasema nayo kidogo kwa Kishi, lugha yetu ya nyumbani, maneno ambayo sitayarudia, akavuta tena. Ikawaka.

"Bulonza! Mbele!" akaita.

Bulonza alikuwa tayari ameshaanza kutambaa kwenda mbele, juu ya magunia matupu, na ile jile aliyoikataa. Haoni sindano mkononi mwake, lakini mbali anaona vizuri. Alipiga magoti puani mwa boti, akaanza kuelekeza kwa mkono: kushoto, kushoto, polepole. Télesphore alikuwa ameshika usukani wa moteri nyuma kabisa, mgongo umeinama, moteri ikinguruma karibu na kifua chake. Josué alikuwa amelala chini anashika bega. Katikati tulikuwa mimi na Komanda.

Wimbi likatuinua. Tulipokuwa tunashuka, Bulonza akaona kitu. Nilimwona akiruka mzima.

"Arrière!" akapiga kelele. "Télé, arrière! Arrière!"

Mimi nilimsikia vizuri. Nikageuka nyuma. Mume wangu alikuwa anatazama mbele, macho wazi, uso umetulia, na mkono wake haukusogea. Hakusikia. Moteri ilikuwa inampigia kelele masikioni na upepo ulikuwa unakuja kutoka nyuma yake, unabeba sauti ya Bulonza kuelekea Kalehe.

Nikamtazama Komanda. Yeye pia alikuwa amesikia. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, kinywa kimefunguka, na hakukutoka kitu.

Sasa, mimi nina sauti. Nilifundisha madarasa ya watoto wengi chini ya bati wakati wa mvua. Nilisimama kwenye boti ile, nikamshika Komanda kichwa ili nisianguke, Mungu anisamehe, na nikapiga kelele:

"NYUMA! TÉLESPHORE! RUDISHA NYUMA!"

Mkono wake ukaruka kwenye levye. Moteri ikalia, boti ikatetemeka, ikasimama, ikaanza kurudi. Jiwe lilipita mbele yetu, karibu sana hata Bulonza alilisukuma kwa kiganja. Kisha tukawa kwenye maji ya kina, na Télesphore akatuelekeza ufukoni.

Watu wa ufukoni walimchukua Josué kumpeleka hospitali. Baadaye tulisikia mkono umerudishwa, anaendelea vizuri. Sisi tulikaa juu ya mchanga, tumelowa. Bulonza alikuwa anatetemeka, na nilifikiri ni baridi, kumbe ni hasira.

"Nimepiga kelele mara ngapi?" akamwuliza Télesphore. "Useme! Mara ngapi?"

"Sikusikia," Télesphore akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nakuapia kwa mama yangu. Nimesikia Georgette tu."

"Unaona! Sawa ile siku! Unaona vile uko…"

"Nyamaza, Bulonza," nikasema. "Na weye, Papa Joviale, nyamaza. Nilikuwa katikati. Bulonza alipiga kelele, nilimusikia. Na weye haukusikia; nilikuona. Hakuna mwongo hapa."

Kisha nikaona wazo likiwaingia, polepole, kwa wote wawili pamoja. Walimgeukia Komanda, ambaye alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anakamua suruali yake.

"Komanda," akasema Bulonza. "Ile siku, kwa mulango, alikuwa weye."

Komanda aliendelea kukamua.

"Sikumbuki," akasema.

Na unajua wazee wangu walifanya nini? Walisimama wima. Mwanaume huyu aliwaacha waitane mwongo na kiziwi nusu ya maisha, nao wakasimama mbele yake wamelowa, kidevu juu, na Télesphore akasema, "Sawa, Komanda." Nilitaka kuwapiga wote watatu na ile fimbo.

Tulirudi Bukavu. Tulipomshusha Komanda mbele ya nyumba ya mjukuu wake, nilishuka kumsaidia kwa sababu ya ngazi. Wazee walibaki garini. Alinishika mkono, hakuuachia.

"Maman, uko na sauti ya nguvu," alisema.

"Ni ya kazi, Komanda."

"Ile siku, yangu kinywa ilikuwa wazi. Hakuna kitu ilitoka." Alitazama ngazi. "Na leo tena."

Kisha akapanda, ngazi moja moja, bila kugeuka.

Nilikaa na maneno hayo kutoka pale mpaka nyumbani, na nilikuwa nimekasirika bila kujua nimkasirikie nani. Mzee anayetetemeka mkononi mwako ni vigumu kumchukia. Lakini pia nilifikiria ghala lisilo na mazuti, na mume wangu ameketi mlangoni pake mwaka baada ya mwaka. Télesphore alipokuwa anavua viatu vilivyojaa mchanga, nilimwambia yote, neno kwa neno.

Alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Sauti ilikatala kutoka," akasema.

"Njo vile alisema."

"Aliogopa."

"Aliogopa, na akanyamaza, na akaacha mulipe nyinyi. Umpigie simu. Umwambie kitu! Ukasirike!"

"Ataenda kesho kutwa," akajibu, kana kwamba hilo ni jibu. Akaomba simu, lakini alimpigia Bulonza. Waliongea Kishi, taratibu. Nilisikia Bulonza akisema kitu kwa sauti kubwa juu ya grade yake, kisha Télesphore akasema, "Nilikuita mwongo miaka yote, ndugu yangu." Sikusikia alijibiwa nini. Mume wangu alicheka, akafuta pua kwa mkono wa shati, nami nikaenda jikoni kwa sababu nilikuwa na kazi.

Komanda alisafiri. Alituma salamu kwa mtu, wakazipokea. Mimi sikuzipokea.

Jumamosi iliyofuata Bulonza alikuja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa furaha ya amani, na amani hiyo ilikuwa mbaya kuliko vita. Walikaa kama wageni wawili kwenye ofisi. "Chukua burashi, ndugu." "Hapana, weye kwanza." "Hii kijani iko nzuri?" "Vile unapenda." Nyambizi mpya ya Ulrich ilikuwa imeshapakwa nusu, na hakuna aliyepinga hata rangi moja. Saa ya ukutani ilisikika. Nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Munangoja maziko ya nani?" nikawauliza.

Bulonza akanitazama, akamtazama Télesphore. Akavuta kiti cha tatu.

"Maman Georgette, ukae. Sasa weye ni mwanamaji sawa sisi."

"Sina muda. Nina sombe motoni."

"Ukae," akasema mume wangu, akanipa burashi nyembamba. "Ufanye mustari mweupe, hapa, kwa ubavu."

Nilikaa kwenye meza yangu mwenyewe, Jumamosi, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Nikachovya burashi, nikazuia pumzi, nikavuta mstari kutoka mbele mpaka kwenye propela. Niliinua kichwa nikingoja asante.

Wazee wote wawili walikuwa wameinama juu ya nyambizi, miwani puani.

"Imepinda," akasema Bulonza.

"Imepinda sana," akasema Télesphore. "Umeshika burashi sawa mwiko. Lete diluant, Bulonza, tufute."

"Hapana, si diluant, itakula kijani. Ngoja ikauke."

"Ikikauka haitatoka!"

"Télé, miye najua rangi!"

"Unajua nini weye? Kijani yenyewe ni ya geti!"

Niliwaachia burashi. Sombe ilikuwa inaanza kushika chini ya sufuria.